Hofu ya Hiari, Hofu ya Lazima

Mjini Washington, upande wa Georgetown, kuna ngazi 75 za mawe zinazoshuka kwa mteremko mkali kati ya ukuta na ukuta. Hazina uzuri wowote. Lakini mwaka 1973 filamu ya The Exorcist ilimwonyesha padri akijirusha dirishani na kubiringita hadi chini ya ngazi hizo, na tangu hapo watu hawajaacha kuzijia. Mwaka 2015 mji ukaweka kibao rasmi cha kuzitambua. Huko Pennsylvania, makaburi ya Evans City yanapokea wageni ambao hawakumzika mtu pale. Wanakuja kuona mahali George Romero alipoanzia Night of the Living Dead, filamu yake ya mwaka 1968. Na Slovakia, ngome ya Orava inajulikana na wapenzi wa sinema kuwa ndiyo nyumba ya mnyonya damu wa Nosferatu, filamu ya F. W. Murnau iliyotoka mwaka 1922.

Habari za safari hizo nilizisoma kwa wivu. Sisi tuliokulia Masasi tuliziogopa filamu kama watoto wa huko, na pengine tuliwazidi, maana wao wakitoka sinema walikuta taa za barabarani. Sisi tukitoka kwenye banda la video tulikuta giza totoro, na juu ya giza hilo yale majabali ya Masasi, meusi kuliko usiku wenyewe, yamesimama juu ya mji kimya.

Banda lilikuwa la mianzi na mabati. Jenereta ilinguruma nyuma, televisheni moja ilikaa juu ya meza, na mabenchi yalipangwa wadogo mbele, wakubwa nyuma. Filamu za nje zilikuja na sauti ya msimulizi Lufufu juu yake, akisimulia, akitania, akimbatiza kila jambazi jina la Kiswahili, na mtu ukicheka huwezi kuogopa sana. Filamu za kwetu zilikuja bila msaada huo. Mussa Banzi alipotoa Nsyuka, kisha Shumileta, miaka ile ya 2000, hatukuwa na pa kujificha. Waliotishwa waliongea Kiswahili kama chetu, waliishi kwenye nyumba kama zetu, na balaa likiwafika hawakupiga simu polisi. Walikwenda kwa mganga, kama ambavyo jirani yetu angefanya. Mama alinikataza banda. Nilikwenda. Usiku nililala nimejifunika gubigubi hata Novemba, joto la Masasi likiwa halina huruma.

Nilipofika Dar es Salaam kwa masomo, nilijua kwamba hofu ile yote ilitengenezwa kwa kamera ya video, kwa siku chache, kwenye nyumba za watu. Wenzangu waliojua mambo ya Bongo Movie walinionyesha mtaa huu na ule: hapa ilipigwa filamu fulani, pale fulani. Nilikuta nguo zimeanikwa, mama anakaanga maandazi, mtoto anavuta gari la kopo la blue band. Nilifurahi, kisha nikaona nimepungukiwa. Nilitaka mahali petu. Nilitaka kusimama kwenye udongo wa kusini na kusema: hapa ndipo mtu aliposimamisha kamera akapiga picha ya kitu cha kutisha.

Mahali hapo papo, tena ni pa zamani kuliko Nosferatu.

Mwaka 1906 msomi wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alishuka Lindi kutoka melini akiwa na mizigo ambayo wapagazi wake hawakuwahi kuibeba: kamera za picha, fonografu ya kurekodia sauti kwenye mitungi ya nta, na mashine ya sinema. Hakukusudia kuja kusini. Alitaka kwenda bara upande wa kaskazini, lakini huko kulikuwa na uasi, akaelekezwa huku. Akapanda bonde la Lukuledi hadi Masasi, akakaa Chingulungulu, kisha akapanda uwanda wa Makonde akaweka kambi Newala, baadaye Mahuta, ambayo siku hizi ipo wilaya ya Tandahimba. Alipiga sinema za ngoma. Baadhi ya vipande hivyo vimesalia, na ni miongoni mwa sinema za kwanza kabisa kupigwa mahali popote katika nchi hii. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata Alice Werner akakifasiri kwa Kiingereza. Ndani yake mna picha ambayo mtoto wa Kimakonde hahitaji maelezo yake: mcheza ngoma aliyefunikwa mwili mzima, yuko juu ya ngongoti, mrefu kuliko mapaa ya nyumba.

Nilimjua. Sikumjua mtu aliyekuwa ndani. Nilikijua kile kinyago. Nilipokuwa mdogo nilimkimbia mwenzake, Newala, kwa mama yangu, siku wali walipotolewa jandoni. Tulianza kusikia njuga. Kisha ngoma zikanyamaza ghafla, na wanawake wazima, mama zetu, wakaanza kupiga kelele na kutuvuta nyuma. Nikakiona kati ya migomba miwili: uso wa mbao wenye chale, nywele za binadamu zimebandikwa utosini, mdomo wa juu umetuna kwa ndonya. Hapakuwa na ngozi iliyoonekana popote, hata vidole vilikuwa ndani ya kitambaa. Tuliambiwa ni mtu aliyekufa, ametolewa ardhini. Hakuna filamu iliyonitisha hivyo tena.

Basi nikamwandikia mjomba kwamba nakuja, na nataka twende Newala na Mahuta kutafuta alipopiga picha Mjerumani. Mjomba alinisubiri kituoni Newala, amevaa koti, maana kule juu upepo hauna adabu na asubuhi za Julai ukungu unaingia hadi ndani ya maduka.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Umekuja kutafuta nini hasa? Korosho bado.”

Nikamweleza, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu, na alichokitazama hakikuwa kinyago. Alitazama miguu ya ngongoti.

“Huyu anajua,” akasema. “Angalia, hajainama. Anayejifunza hutazama chini.”

Kwetu mjomba ndiye mzazi wa ukoo, kwa hiyo kuna mambo nilitaka kumwuliza yeye na si mwingine. Nikamwuliza kinyago kinatishaje. Akaniambia kwanza kwamba mimi ni mwanamke, nami mwanamke sijui midimu, yaani hivyo vinyago, ni nini, na hata kama najua, sijui. Nikamwambia sawa, sijui. Tukacheka. Kisha akanieleza jambo moja ambalo aliona halina siri.

“Kinyago hakikimbii,” akasema. “Kikikimbia, watoto wanacheka, wanakifukuza. Kinakuja polepole, halafu kinasimama. Kikisimama, wote wanakaa kimya. Hapo ndipo unasikia mtoto mmoja analia. Ukimsikia huyo, kazi imekwisha, unaweza kucheza sasa.”

Akasimama akanionyesha, mzee wa koti, katikati ya barabara ya vumbi. Hatua moja. Nyingine. Akageuza shingo kwanza, mabega yakafuata baadaye. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita alipunguza mwendo.

Nimewaza sana somo lile la barabarani. Mnyonya damu wa Murnau naye hakimbii. Anainuka, anasogea kidogo, anajaza mlango. Wafu wa Romero wanajikokota, na mwenye afya angeweza kuwapita akitembea. Watu hawa hawakuonana wala hawakusoma shule moja, lakini mcheza kinyago wa Newala na mpiga sinema wa Berlin walifika kwenye kanuni ileile: kitu kinachokimbia kina shida zake, kina haraka ya kwenda mahali, kitu kinachokuja polepole kinakuja kwako.

Na kuna kanuni ya pili, ambayo mjomba aliipitia kwa mzaha wake kuhusu kujua na kutojua. Mama zetu waliokuwa wanapiga kelele siku ile walijua. Walimjua mchezaji, walijua anadaiwa nini dukani, na pengine mmoja wao alimpikia asubuhi. Walipiga kelele kwa sababu ngoma bila kelele zao si ngoma. Kutisha kulikuwa kazi ya wanaume, kuogopa kulikuwa kazi ya wanawake, na kila upande ulifanya sehemu yake kwa ustadi. Mtoto peke yake ndiye aliyeogopa kweli, naye alikuwa mikononi mwa mama. Nilipochezwa unyago nikafundishwa yangu, nilianza kuelewa kwamba nimeingizwa kwenye kundi la wanaojua na kupiga kelele hata hivyo.

Ndivyo ilivyo hata bandani. Unatoa shilingi zako, unakaa, unakubali kudanganywa kwa saa moja na nusu. Ukichoka, mlango upo. Hii naiita hofu ya hiari. Ni hofu yenye mwenyeji, yenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na ukitoka umeongezeka kitu: umejifunza kwamba unaweza kuogopa usife.

Siku iliyofuata tulipanda gari kwenda Mahuta. Barabara inapita kwenye mikorosho, mikorosho tena, halafu mikorosho. Hakuna mto. Mgeni huwa haamini kwamba watu wengi hivi wanaishi kwenye uwanda mkavu namna hii, ambako tangu zamani wanawake walishuka mteremko na madumu, na kabla ya madumu na vibuyu, kutafuta maji mabondeni, wakapanda nayo kichwani. Weule naye alilistaajabia hilo. Jibu lake wenyeji wanalijua: maji yako bondeni, na bondeni ndiko walikopita wakamata watumwa na vikosi vya Wangoni. Babu zetu walichagua kiu. Kwenye vichaka vizito vya juu adui hakuona njia, wala hakuvumilia bila maji.

Mahuta tulikuta soko, ghala la korosho, msikiti, vijana wanaocheza pool chini ya paa la makuti. Hakuna alama ya kambi ya Mjerumani. Tulielekezwa kwa bibi mmoja mkongwe aliyekuwa anamenya ming'oko barazani. Tulimwamkia, tukakaa, mjomba akamweleza kwa Kimakonde. Bibi hakuwahi kusikia habari ya mzungu mwenye sanduku la picha. Alisikiliza kwa adabu, akamenya mizizi miwili zaidi, kisha akasema kwamba bibi yake alikuwa akisimulia habari ya kukimbia. Kukimbia tu. Watoto walizibwa midomo vichakani wasilie. Alilisema hilo bila kupandisha sauti, kisu kikiendelea.

Pale barazani safari yangu ilibadilika. Nilikuwa nimekuja kutafuta kilichokuwa ndani ya picha, na bibi akanionyesha kilichokuwa nje yake.

Nilipoziona sinema za Weule kwa mara ya kwanza, kwenye kompyuta, nilivutwa na mwendo: watu wanazunguka, vumbi linapanda, mchezaji anaingia kwenye picha na kutoka, maana kamera ya wakati ule ilikaa mahali pamoja juu ya miguu yake mitatu. Sikujiuliza kamera imeelekea wapi na imekipa kisogo nini. Hebu tuigeuze.

Ni mwaka 1906. Mwaka mmoja tu kabla, Julai 1905, Vita vya Majimaji vilianza Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi. Mganga Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mapema Agosti, lakini maji yake ya dawa yalikuwa yamekwisha kusambaa. Katikati ya Agosti Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa wakiwa safarini kuelekea kusini. Misheni ya Nyangao ilichomwa, na hiyo iko kwenye njia aliyopita Weule kutoka Lindi. Kabla Agosti haijaisha misheni ya Waanglikana ya Masasi nayo ikateketezwa. Kisha Wajerumani wakajibu kwa kuteketeza vijiji, maghala na mashamba. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Wanahistoria wanakadiria kwamba jumla ya waliokufa inaweza kufika 250,000 hadi 300,000. Tarehe 27 Februari 1906, miezi michache kabla Weule hajafika, makumi ya viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Nduna Songea Mbano inasemekana kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mpaka leo ukoo wake unakitafuta. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa.

Sasa rudi kwenye ile ngoma. Mgeni ana askari. Serikali iliyomleta ndiyo inayotoza kodi, na ndiyo iliyotoka kunyonga. Anaomba wacheze mbele ya sanduku lake. Wanacheza. Kinyago kinatoka, kinasimama, watoto wanalia, na yule mtu anazungusha mpini wa mashine yake akiamini ameipata Afrika ya kutisha. Kumbe ya kutisha ilikuwa nyuma yake, upande ule aliotokea.

Hii nyingine naiita hofu ya lazima. Haina mwenyeji, haina mlango, na hakuna aliyelipa kiingilio. Nayo mara nyingi haipigwi picha, kwa sababu mwenye kamera ndiye aliyeileta au ni mgeni wa aliyeileta.

Masasi tuna mahali pengi pa hofu ya namna hiyo kuliko tunavyokumbuka. Mji wenyewe ulianza kama kimbilio: mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni hiyo ya Waanglikana, alileta hapa watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar, wakapewa ardhi chini ya majabali. Mwaka 1882 Wangoni wakaushambulia mji huo, wakaua na kuteka watu ambao walikuwa wamekwisha kutekwa mara moja maishani mwao. Ukienda Mtandi leo unakuta kanisa kuu, miti, kivuli kizuri, na watoto wa shule wanaopita. Nimekulia karibu na hapo. Nilifundishwa nyimbo za kwaya, nikafundishwa pia kwamba Askofu Vincent Lucas ndiye aliyeruhusu jando kuingia kanisani badala ya kulipiga marufuku. Kuhusu 1882 sikufundishwa hadi nilipojisomea mwenyewe.

Na kuna simba.

Kati ya filamu zilizopendwa bandani ilikuwemo The Ghost and the Darkness, ya mwaka 1996, habari ya simba wawili walioua wajenzi wa reli Tsavo mwaka 1898. Tuliitazama tukiwa tumekunja miguu juu ya benchi. Baadaye nilijifunza kwamba filamu ile haikupigwa Tsavo, ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake walikuwa na manyoya mazito shingoni ilhali wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Hollywood ilisafiri hadi Afrika ikatua nchi nyingine, na simba wengine. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1952 habari hiyohiyo ilitengenezwa kwa jina la Bwana Devil, na simba wa Tsavo wakanguruma California.

Lakini sisi hatukuhitaji Tsavo. Mwaka 2005 Craig Packer na watafiti wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 308, na eneo lililoathirika kuliko yote ni hili la kusini mashariki, Lindi na majirani zake. Waligundua pia sababu ambayo mkulima yeyote wa kwetu angewatajia. Mavuno yakikaribia, nguruwe pori wanavamia mashamba. Mwenye shamba analala dunguni kuwafukuza. Swala na nyati wamekwisha, kwa hiyo simba anamfuata nguruwe, na akifika anamkuta mtu kwenye kibanda cha majani.

Nimelala dunguni. Nilikuwa na shangazi yangu, msimu wa mahindi, na debe la kupiga tukisikia kishindo. Yeye alifunga kamba mlangoni, kamba ya katani isiyozuia hata mbuzi, akaikaza mara mbili, kisha akaijaribu kwa kidole. Nikamwuliza inasaidia nini. Akasema, “Lala.” Usiku ule sikusikia chochote ila nguruwe, lakini kijiji cha pili walikuwa wamezika mtu wiki iliyopita, na kila mtu alikuwa anasema kwamba yule si simba wa porini, ni simba wa kutengenezwa, ametumwa. Ng'ambo ya Ruvuma, kwenye uwanda wa Wamakonde wa Msumbiji, mashambulizi ya simba ya mwaka 2002 na 2003 yalifuatwa na watu kuuawa na wenzao kwa kutuhumiwa kuwatengeneza simba hao. Hapo hofu ya lazima ilizaa waathirika wapya ambao simba hakuwagusa.

Nimekuja kuona kwamba hapa ndipo hofu mbili zinapochanganywa, na madhara huanzia hapo. Filamu zetu zimetufundisha kwamba nyuma ya kila balaa kuna mtu aliyelituma. Kwenye filamu hilo ni sawa, maana hadithi inahitaji adui mwenye uso. Lakini ukitoka na kanuni hiyo mlangoni ukaenda nayo shambani, utamtafuta bibi mwenye macho mekundu badala ya kumtafuta nguruwe. Anayeijua hofu ya hiari vizuri, aliyeiona ikitengenezwa, aliyemwona mjomba wake akigeuza shingo kabla ya mabega katikati ya barabara, hachanganyi. Anajua kinyago kinavuliwa jioni. Akikutana na simba anajua huyu havuliwi, anahitaji bunduki ya askari wa wanyamapori, fito imara za dungu, na nguruwe wachache.

Kwa hiyo nasema kwenda kuona mahali picha ilipopigwa si upuuzi. Yule kijana anayesimama juu ya ngazi za Georgetown anajifunza kwa miguu yake kwamba ni ngazi tu, na kwamba kilichomtisha kilitokana na taa, mkato wa filamu na mwili wa mcheza sinema. Akirudi kutazama filamu ile ataogopa tena, lakini ataogopa kwa heshima ya ufundi. Na anayekwenda mahali pa hofu ya lazima anajifunza kinyume chake: kwamba panapoonekana kama jabali tu, au baraza tu, au kanisa lenye kivuli, palitokea mambo ambayo hakuna aliyeyaigiza. Pa kwanza unaruhusiwa kucheka na kupiga selfi. Pa pili vua kofia, uliza, sikiliza.

Siku ya mwisho mjomba alinipeleka Shimo la Mungu, ukingoni mwa mji wa Newala, pale uwanda unapokatika ghafla na ardhi inashuka chini sana hadi bonde la Ruvuma, na siku isiyo na ukungu unaiona Msumbiji. Ni mahali ambapo mtu yeyote wa sinema angesimamisha kamera bila kuambiwa. Nikamwambia mjomba kwamba filamu ya kutisha ingepigwa hapa ingetikisa nchi. Akakubali. Akauliza nani atacheza kinyago. Nikamwambia yeye.

“Mimi mzee,” akasema. “Lakini atakayecheza nitamfundisha kusimama.”

Basi nina maombi mawili. La kwanza ni kwa vijana wetu wenye kamera na simu nzuri, wa Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu: acheni kuiga majumba ya Dar es Salaam na wachawi wa kuokoteza. Mna uwanda, mna ukungu wa Julai, mna majabali, na mna wajomba wanaojua kutisha kwa hatua tatu. Ombeni ruhusa kwa wenye jando, yaacheni yasiyofaa kuonyeshwa, mengine yapigeni picha, na mkiisha kupiga waambieni watazamaji ni wapi, ili nao waje.

La pili ni kwa makumbusho za Ujerumani, na kwa wakubwa wetu wanaozungumza nazo habari za kurudisha mali. Vichwa na mifupa vije kwanza, hilo halina mjadala. Lakini sinema za 1906 hazihitaji meli wala mikataba ya miaka kumi. Nakala yake inaingia kwenye kifaa kidogo kuliko korosho. Ileteni Mahuta, tundikeni shuka jeupe kwenye uwanja wa shule, washeni jenereta, na kipaza sauti mpeni bibi yule wa barazani, asimulie yaliyokuwa nje ya picha.